Habari ya Nondo Zipoteazo

Leo nataka tuzungumze juu ya rundo moja la vyuma. Bila shaka mmekwisha kuliona. Penye kila nyumba ijengwayo kwa zege, iwe duka, iwe shule au msikiti, pembeni mwa kiwanja huwapo vipande vya nondo vilivyotupwa: kimoja cha mita moja na nusu, kingine cha mita mbili, vingine vya shubiri tatu au nne. Mvua huvinyeshea, watoto huvichezea, na mwisho huja mnunuzi wa vyuma vikuukuu na mzani wake. Mwenye nyumba hulitazama rundo lile asiseme neno, kwa kuwa amezoea kudhani kwamba ndivyo ujenzi ulivyo. Mimi nasema sivyo. Sehemu kubwa ya rundo lile haikuletwa na msumeno. Ililetwa na karatasi iliyochorwa bila kufikiri, au kwa kukosa karatasi kabisa.

Kwanza yatupasa kujua kwa nini chuma hutiwa katika zege. Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji, nalo likiisha kukauka huwa kama jiwe. Tabia ya jiwe ni hii: ukilikandamiza hustahimili sana, lakini ukilivuta hukatika upesi. Nguvu za zege katika kuvutwa ni kadiri ya sehemu moja katika kumi ya nguvu zake katika kukandamizwa. Chukua muhogo mbichi, uulaze juu ya mawe mawili, kisha ukandamize katikati. Upande wa juu wabanwa, upande wa chini wavutika, na huko chini ndiko mpasuko uanziako. Boriti ya zege iliyo juu ya mlango wako iko vivyo hivyo. Kwa hiyo hulazwa nondo upande ule wa chini, ili chuma kishike pale ambapo jiwe haliwezi.

Jambo hili si la zamani sana. Mtunza bustani mmoja wa Ufaransa, jina lake Joseph Monier, alikuwa akitengeneza vyombo vya saruji vya kupandia miti, akavitia wavu wa chuma ndani yake visipasuke. Mwaka 1867 akapata hati ya kuilinda kazi yake hiyo. Na bahati njema kwa wanadamu ni kwamba chuma na zege hutanuka kwa joto karibu sawasawa. Kama sivyo, jua la mchana na baridi ya usiku vingaliviachanisha, na nyumba zetu zingalipasuka zenyewe.

Sasa tuirudie nondo. Katika maduka ya Afrika ya Mashariki aghalabu huuzwa kwa urefu wa mita 12, ingawa mara nyingi huja imekunjwa katikati ili iingie garini. Huo urefu wa mita 12 ndio msingi wa mazungumzo yetu yote ya leo, basi ushikeni.

Tufanye mfano. Mzee mmoja ajenga nyumba yake, na mchoro wataka vipande 12 vya nondo vyenye urefu wa mita 5, na vipande 24 vyenye urefu wa mita 3 na nusu, vyote vya unene wa milimita 12. Fundi afanya hesabu kama alivyofundishwa na fundi wake. Aanza na vile virefu: nondo moja yatoa vipande viwili vya mita 5, na mita 2 zabaki. Vipande 12 vyataka nondo 6. Kisha aja kwa vile vifupi: nondo moja yatoa vipande vitatu vya mita 3 na nusu, na mita moja na nusu yabaki. Vipande 24 vyataka nondo 8. Jumla ni nondo 14.

“Mzee,” asema fundi, “ununue nondo kumi na nne.”

Mzee ana mjukuu wake asomaye shule, naye amekaa kizingitini na daftari. “Babu,” auliza, “tano, na tatu na nusu, na tatu na nusu tena, ni ngapi?”

“Kumi na mbili.”

“Basi mbona kila nondo isikatwe kipande kimoja kirefu na viwili vifupi?”

Fundi anyamaza kidogo, ahesabu kwa vidole. Nondo 12 zitatoa vipande 12 virefu na vipande 24 vifupi, wala hakuna kitakachobaki. Fundi yule alikuwa mtu mwema, hakuona haya. “Mzee,” asema, “nunua kumi na mbili. Na wewe mwanangu, usiende mbali na daftari lako, maana bado tuna hesabu ya ringi.”

Tazameni sasa. Nyumba ni ile ile, nguvu ni zile zile, hapana kipande hata kimoja kilichopunguzwa. Illa nondo mbili katika kumi na nne zimeokoka, yaani moja katika kila saba. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10 na kiasi cha gramu 660, basi Mzee ameokoa zaidi ya kilo 21 za chuma. Na chuma hicho hakikuota shambani. Chuma kinachofanywa kwa mawe ya chuma na makaa hutoa hewa ukaa ya kadiri ya kilo 2 kwa kila kilo moja ya chuma, nayo ndiyo hewa ile inayoongeza joto la dunia. Chuma kilichoyeyushwa kutokana na chakavu hutoa kidogo zaidi, lakini hakuna kisichotaka moto.

Labda msikilizaji mmoja atasema: “Msumeno nao hula.” Kweli, kila mkato hula milimita moja au mbili, na kipande cha mwisho kitapungua kwa kadiri hiyo; lakini upungufu huo hauidhuru boriti. Jambo la kuangalia zaidi ni nondo zenyewe, kwani si zote zilizo mita 12 kamili. Pimeni kila moja kabla ya kukata. Nimeona watu wanaopima kitambaa cha kanzu mara tatu na nondo hata mara moja wasipime.

Si kila hesabu hutoka safi namna ile. Vipande vikiwa vya namna nane au kumi, njia za kuvipanga huwa nyingi mno hata kichwa huchoka. Hesabu hiyo iliwashughulisha watu wakubwa. Katika miaka ya 1930 kiwanda cha mbao nyembamba huko Leningrad, katika Urusi, kilimwendea mwalimu wa hesabu aliyekuwa kijana bado, Leonid Kantorovich, kikataka awape njia ya kugawanya kazi na mali ghafi kati ya mashine zake ili zitoe mazao mengi iwezekanavyo. Alipolichungua jambo hilo akaona kwamba hesabu zake ni ndugu ya hesabu nyingine nyingi, hata ile ya kukata mali kwa mabaki machache. Mwaka 1939 akatoa kijitabu cha kueleza njia yake. Mwaka 1975 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na mwenziwe, Tjalling Koopmans. Leo kompyuta hufanya hesabu za jamii hiyo kwa dakika chache, na kampuni kubwa za ujenzi huzitumia kwa nondo. Walakini kwa nyumba ya kijijini daftari latosha. Andika vipande vyote vitakiwavyo, vya nyumba nzima, kabla ya kukata hata kimoja. Anza na virefu, kisha kila ubaki utafutie kifupi kinachoujaza. Fundi akataye nondo za msingi leo, bila kujua zitakiwazo juu ya madirisha mwezi ujao, hawezi kuepuka rundo, hata akiwa hodari vipi.

Lakini iko njia iliyo bora kuliko kupanga mikato, nayo ni kuipanga nyumba yenyewe. Hapa sina budi kuwakumbusha wazee wetu wa pwani. Mkiingia nyumba za mawe za Lamu, au za Mji Mkongwe wa Unguja, mtaona kwamba vyumba ni virefu lakini vyembamba. Upana wake aghalabu haufiki mita 3. Wageni huuliza kwa nini. Sababu ni boriti za mikoko zilizobeba dari. Mti wa mkoko haukutoa boriti ndefu ya kuaminika kupita kipimo hicho, basi waashi hawakuchora chumba kwanza kisha wakahangaika na miti. Walianza na mti. Na majahazi yalipozichukua boriti hizo mpaka Oman na nchi nyingine za Ghuba, zilikwenda na kipimo chao, na vyumba vya huko vikawa vyembamba vilevile.

Sisi leo twaanza na karatasi, kisha twapeleka msumeno kwenye nondo. Tufanye kwamba mchoro wa banda la mikutano wataka nondo 30 zenye urefu wa mita 4 na sentimita 10. Nondo moja ya dukani hutoa vipande viwili tu, kisha hubaki mita 3 na sentimita 80. Zatakiwa nondo 15. Kama mchoraji angalijua jambo hili mapema, akapunguza upana wa banda kwa sentimita 10, vipande vingalikuwa vya mita 4 kamili, na nondo moja ingalitoa vitatu. Zingalitosha nondo 10. Sentimita 10 ni upana wa kiganja. Hakuna mtu angaliyeona banda limepungua. Lakini nondo 5 zingalibaki dukani, na fedha yake mfukoni.

Angalieni sana hapa. Nimesema apunguzwe upana wa banda juu ya karatasi. Sikusema nondo ikatwe fupi katika banda lililokwisha kupimwa. Nondo ya boriti sharti ipite mpaka ndani ya nguzo au ukuta, ikamatwe humo. Ikiishia njiani ni kama mkono ulionyoshwa usioshika kitu. Tumeona misiba ya majengo katika nchi zetu. Machi 2013 jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa Dar es Salaam liliporomoka, wakafa watu zaidi ya 30. Aprili 2016 nyumba ya ghorofa ilianguka Huruma, Nairobi, wakafa watu wapatao 50. Sisemi kwamba ufupi wa nondo ndio ulioleta misiba hiyo, kwani kila ajali ina sababu zake. Nasema tu kwamba mtu asichukue mazungumzo haya kuwa ruhusa ya kupunguza chuma alichoandika mhandisi. Kuokoa ni jambo moja, kuiba nguvu za nyumba ni jambo jingine.

Wako pia waokoao kwa njia isiyookoa. Huyaona mabaki, huona uchungu, kisha huyaunga moja kwa moja mpaka yapate urefu. Nondo mbili haziunganishwi kwa kugusana ncha na kufungwa waya. Sharti zilazwe ubavu kwa ubavu kwa urefu wa mara 40 hata 50 ya unene wake, ili zege lipate kuhamisha nguvu kutoka hii kwenda ile. Kwa nondo ya milimita 12 ni sentimita 48 hata 60. Basi kipande cha mita 2, kikilazwa nusu mita juu ya mwenziwe, chafanya kazi ya mita moja na nusu tu. Robo yake imepotea, na tena umepata kiungo dhaifu ambacho hukukihitaji. Viungo visivyoepukika visiwekwe vyote mahali pamoja, wala visiwekwe chini katikati ya boriti, ambako mvuto ni mkubwa kupita kwingine.

Mpaka hapa nimenena juu ya chuma kilichobaki nje. Uko upotevu mwingine, nao wanichukiza zaidi kwa kuwa hauonekani: chuma kilichonunuliwa, kikakatwa vema, kikazikwa ndani ya zege mahali pasipo na kazi. Kumbukeni ule muhogo. Chuma chatakiwa upande unaovutwa. Sasa fikirini kibaraza cha ghorofani kinachotokeza nje ya ukuta bila nguzo. Uzito wake wakiinamisha ncha, basi upande unaovutwa ni wa juu, si wa chini. Fundi aliyezoea kulaza nondo chini, akazilaza chini hata hapo, amepoteza nondo zote, na kibaraza kinaweza kuanguka siku ya kuondoa mbao. Na hata fundi ajuaye, akisha kuziweka nondo juu ya vikalio vyake kama ipasavyo, huja vijana na ndoo za zege wakazikanyaga mpaka zikalala chini. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekosea hesabu, na chuma kimepotea. Wekeni mbao za kupitia.

Kimo cha boriti nacho kina habari yake. Boriti yenye kimo kidogo yataka chuma kingi. Yenye kimo kikubwa yataka kichache kwa mzigo ule ule. Maana yake, jinsi chuma cha chini kilivyo mbali na zege linalobanwa juu, ndivyo kilivyo na nguvu ya kuzuia boriti isipinde, kama vile mwenye mpini mrefu ainuavyo jiwe kwa urahisi kuliko mwenye mpini mfupi. Umbali huo ukizidi mara mbili, chuma kitakiwacho hupungua karibu na nusu. Ila zege nalo lina bei yake, na saruji hutoa hewa ukaa nyingi inapochomwa, kwa hiyo kipimo cha katikati atakitafuta mhandisi.

Na watu wa pwani mnisikilize. Msichanganye zege la nondo kwa mchanga wa ufukweni wala kwa maji ya bahari. Chumvi huondoa ile hifadhi ambayo saruji huipa nondo, chuma kikashika kutu, na kutu huvimba kuliko chuma chenyewe, ikalipasua zege kutoka ndani. Nondo zifunikwe na zege lisilopungua sentimita 2 na nusu ndani ya nyumba, na sentimita 4 au 5 ndani ya ardhi na mahali pa mvuke wa bahari. Nyumba inayobomolewa baada ya miaka 15 kwa ajili ya kutu imepoteza nondo kuliko marundo yote niliyoyataja.

Kadhalika mnunuapo, pimeni uzito. Nondo ya mita 12 yapasa kuwa na kiasi cha kilo 4.7 ikiwa ni ya milimita 8, kilo 7.4 ikiwa ya milimita 10, kilo 10.7 ikiwa ya milimita 12. Kilo 19 ikiwa ya milimita 16. Tofauti ndogo si kitu. Lakini nondo iitwayo ya milimita 12 ikiwa na kilo 9 tu, hiyo kwa kweli ni ya milimita 11, na mwuzaji amekuuzia jina. Wajenzi wengi, kwa kuchelea udanganyifu huo, hutia nondo ya ziada katika kila boriti, na hivyo mwenye nyumba alipa mara mbili kwa kosa la mtu mwingine. Mzani wa kupimia magunia watosha kuwaondolea hofu hiyo.

Je, mabaki yale yasiyoepukika yafanyiwe nini? Dirisha la upana wa mita moja lataka juu yake nondo za mita moja na sentimita 30 au 40, kwa kuwa kila ncha sharti ikae juu ya ukuta. Kumbe kile kipande cha mita moja na nusu kilichokuwa kikinyeshewa kina mahali pake! Mabaki ya nondo nyembamba za milimita 8 hufaa kwa ringi. Ringi ya boriti ndogo hula kama mita moja. Vipande vifupi kabisa vyaweza kukunjwa kuwa vikalio vya kuinulia nondo za juu. Viwekeni juu ya magogo, chini ya paa, na juu ya kila kimoja mwandike urefu wake kwa chaki, maana kipande kisichojulikana urefu wake hakuna atakayekitafuta.

Vile visivyofaa kwa lolote huenda kuyeyushwa, na viwanda vingi vya nondo vya Kenya na Tanzania hufanya kazi kwa chuma chakavu. Walakini mwenye nyumba hulipwa bei ya chakavu kwa kitu alichokinunua kwa bei ya nondo mpya. Kwa hiyo avipime mwenyewe kwa mzani ule ule wa magunia, aandike kilo zake katika daftari la mjukuu, kabla mnunuzi hajafika na mzani wake.